Sura ya Sita: Wembe na Bweta Lake

Mjomba wangu, ambaye katika ujana wake alikuwa karani wa forodha na katika umri wake wote alikuwa mtu wa taratibu, aliniachia katika urithi wake sanduku dogo lenye mabweta mawili. La kwanza lilikuwa la karatasi ngumu, jembamba na refu kama kasha la kalamu, na ndani yake mlikuwamo wembe wa kukunja uliofuliwa Sheffield, Uingereza, wenye mpini wa pembe ya ndovu na maandishi ya dhahabu katika ubapa wake. La pili lilikuwa la mbao iliyovikwa ngozi nyeusi, lenye bawaba za shaba na kitanda cha mahameli nyekundu, na juu ya kitanda hicho ililala mashine ya kunyolea ya Gillette iliyochovywa fedha, pamoja na kijaluba cha nyembe zake.

Nilikuwa na umri wa miaka 22, na mapenzi yangu kwa marehemu yaliyapita mbali maarifa yangu. Matanga yalipoondolewa nilichukua dawa ile ambayo kina mama husugulia masinia ya shaba Idi inapokaribia, nikausugua wembe wa Sheffield mpaka ubapa ukawa kama kioo, kisha nikautumbukiza mzima katika sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota, kwa nia njema ya kuua vijidudu. Nilipoutoa, maandishi ya dhahabu hayakuwapo tena, na mpini wa pembe ulikuwa umepata ufa toka pini ya juu hata pini ya chini. Mkaza mjomba, aliyekuwa ameketi barazani akichagua mchele, aliupokea, akaugeuza mara mbili mkononi, akanirudishia na kusema, "Mwanangu, mjomba wako aliunyolea ndevu miaka arubaini, na haukupata ufa."

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikuja kulipata baadaye, kidogo kidogo, kwa kusoma, kwa kuuliza mafundi, na kwa kuharibu vitu vichache vingine ambavyo sitavitaja. Na sura hii ni muhtasari wa jibu hilo. Kwa ufupi ni kwamba vitu vya kale vya kunyolea vina maadui wawili wakubwa kupita wote, nao ni mkono wenye pupa ya kung'arisha na nyumba iliyofungwa juu ya unyevu. Na adui huyo wa pili, ambaye hatumdhanii, aghalabu ni lile bweta zuri tunalodhani linavilinda.

Asili ya Vitu Hivi

Feleji ya nyembe za Sheffield ilipata sifa kwa kazi ya Benjamin Huntsman, mtengenezaji wa saa ambaye katika miaka ya 1740, akitafuta chuma bora cha kamani za saa zake, alibuni njia ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo uwezao kustahimili moto mkali, ikapatikana feleji yenye asili moja toka ukingo hata ukingo, iwezayo kunolewa ikashika makali membamba kupita unywele. Lakini feleji hiyo ina kaboni nyingi, na haina kromu ile inayovikinga visu vya leo na kutu, kwa kuwa chuma cha namna hiyo kilianza kufahamika katika mji huo huo wa Sheffield mwaka 1913 kwa kazi ya Harry Brearley. Basi wembe wa kukunja wa karne ya 19 ni mwepesi wa kushika makali na mwepesi vivyo hivyo wa kushika kutu, na alama ya kidole chenye jasho iliyoachwa juu ya ubapa wake leo yaweza kuonekana wiki ijayo katika umbo la kidole hicho hicho, rangi yake nyekundu.

Mipini nayo ilikuwa ya kila jinsi: pembe ya ndovu, pembe ya ng'ombe, mfupa, mpingo, lulumizi, na gamba la ng'amba. Hapo ndipo historia ya kitu hiki kigeni inapogusa pwani yetu kwa kweli, maana Unguja katika karne ya 19 ilikuwa soko kuu la pembe katika upande huu wa Afrika, na wafua visu wa Sheffield walikuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa pembe, hata kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ikasifika kwa ghala lake la pembe pamoja na visu vyake. Ama magamba ya kasa, biashara yake ni kongwe zaidi, kwani yatajwa pamoja na pembe katika kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, katika habari za Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii. Si muhali, basi, kwamba wembe uliofika pwani katika mfuko wa karani ulikuwa na mpini ambao pembe yake ilipata kupita katika forodha hiyo hiyo, ikiwa ingali jino zima, ikielekea ughaibuni.

Mashine ni jamaa wa karibu zaidi na zama zetu. King Camp Gillette, Mmarekani aliyekuwa mchuuzi wa vizibo vya chupa, aliwaza wembe mwembamba wa kutumiwa kisha ukatupwa. Kampuni yake ikaundwa mjini Boston mwaka 1901, na mhandisi William Emery Nickerson akatatua lile ambalo mafundi wengi walisema haliwezekani, yaani kukipa ugumu na makali chuma chembamba kama karatasi. Mwaka 1903, wa kwanza wa biashara, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Hataza ikatolewa tarehe 15 Novemba 1904. Na Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza serikali yake iliwapa askari mashine zipatazo milioni 3.5, ambazo nyingi zilirudi nyumbani zikiwa mifukoni mwao. Kwa mtunzaji, jambo kubwa la kukumbuka katika habari hizi ni kwamba mashine hizo za kale kwa sehemu kubwa zilifanywa kwa shaba nyeupe, kisha zikachovywa fedha, nikeli au dhahabu, nayo ngozi hiyo ya juu ni nyembamba mno. Anayeisugua kwa bidii ataifikia shaba iliyo chini yake.

Kutambua Kabla ya Kugusa

Hadhari ya kwanza ni kutazama. Weka kitu juu ya taulo jeupe, karibu na dirisha, uvae glavu nyembamba ili chumvi ya mkono isikifikie, ukipige picha pande zote, pamoja na bweta lake, na karatasi zake, na hata uchafu wake. Kwa sababu namna kilivyolala, na mahali doa lilipo, ni habari ambazo zikishafutwa hazirudi. Andika maandishi na namba zote unazoziona. Katika mashine za Gillette za tangu miaka ya 1950 utaona chini ya kichwa herufi moja na tarakimu moja, na herufi hiyo ni mwaka, A ikiwa ni 1955, B ikiwa ni 1956, na kuendelea, hali tarakimu ni robo ya mwaka. Hivyo A1 ni mashine ya miezi mitatu ya kwanza ya 1955. Alama ndogo kama hiyo hupotea kwa urahisi chini ya dawa ya kusugulia.

Kisha utambue mpini umefanywa kwa nini, maana dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Pembe ya ndovu, ukiitazama katika kikato chake cha mwisho kwa kioo cha kukuzia, huonyesha mistari myembamba inayopishana mfano wa mkeka. Mfupa huonyesha vitundu na vijistari vyeusi. Pembe ya ng'ombe ina nyuzi zinazokwenda kwa urefu. Kilichobaki, hususa kikiwa chafanana na pembe lakini mistari yake imenyooka mno kama iliyopigwa kwa rula, yaelekea kuwa seluloidi, ambayo John Wesley Hyatt wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1870 na ambayo ilienea kwa kuwa ilikuwa pembe ya mtu asiye na fedha za pembe.

Seluloidi yastahili aya yake peke yake. Imefanywa kwa pamba iliyotiwa asidi ya nitriki na kuchanganywa na kafuri, na ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto hutoa harufu ya kafuri kama ya sanda mpya. Wako wanaofundisha kuipima kwa sindano iliyotiwa motoni. Usiwasikilize, kwa kuwa hushika moto kwa kasi ya baruti. Tena seluloidi huzeeka vibaya: huanza kupata ukungu wa weupe, kisha matone kama jasho, kisha nyufa za mraba mraba, na wakati huo wote hutoa mvuke wa asidi unaokula kila chuma kilicho jirani. Ukiona wembe umeshika kutu pale tu unapogusana na mpini, na kwingine kote ni mzima, mshuku mpini kwanza. Wembe wa namna hiyo haufai kufungiwa na wenziwe, wala kutiwa katika mfuko usiopitisha hewa. Huwekwa peke yake, mahali penye upepo, mbali na jiko na taa.

Kuosha Mashine

Mashine ya vipande vitatu ni rahisi kuosha kuliko zote, kwani hufunguka ukizungusha mpini, vikatoka kifuniko cha juu, kitako chenye kingo, na mpini wenyewe. Ikiwa mna wembe wa zamani ndani yake, ushike katika ncha zake mbili fupi, wala si katika makali, uutie katika mkebe wenye tundu jembamba juu. Maana wembe ulioshika kutu hukata kama mpya, na mkato mchafu huleta hofu ya pepopunda. Nyembe ambazo hazijafunguliwa, zilizo bado katika karatasi zao, usizifungue kwa udadisi. Hizo ni nyaraka kama barua.

Tia maji ya uvuguvugu katika bakuli la plastiki, ambalo halitaigonga fedha, uongeze matone machache ya sabuni laini ya vyombo, uvilaze vipande humo kwa dakika 15 au 20. Ule utando mgumu wa rangi ya kijivu ulioganda katika pembe na mifereji ni sabuni ya kunyolea ya miaka mingi iliyoungana na chokaa ya maji, nayo ikilowama hulainika, ikatoka kwa mswaki wa nywele laini. Mahali ambapo mswaki haufiki, kama vile katika nyuzi za parafujo na katika herufi zilizochongwa, tumia kijiti cha meno cha mti, ukakitupa kikishachakaa na kuchukua kingine, wala usishawishike kuchukua pini au ncha ya kisu. Suuza, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, kwa kuwa maji ya bomba na ya kisima katika miji ya pwani mara nyingi yana chumvi, na chumvi iliyobaki katika tundu la parafujo ni mbegu ya kutu ya kijani. Kausha kwa kitambaa cha pamba, uviache vipande kwa saa nzima kivulini penye upepo, ndipo utie tone moja la mafuta ya cherehani katika nyuzi za parafujo na kufuta ziada yake.

Ama zile mashine ambazo kichwa chake kina milango miwili inayofunguka kama mbawa za kipepeo, zilizojulikana tangu miaka ya 1930, hizo hazifunguliwi kwa nguvu. Huoshwa zikiwa nzima, zikatikiswa, zikakaushwa kwa spiriti kidogo inayoyafukuza maji yaliyojificha, kisha tone la mafuta likatiwa katika kirungu cha chini kinachozunguka.

Bibi zetu walisugua shaba kwa limau na majivu, na masinia yao yaling'aa, lakini sinia ni shaba tupu toka juu hata chini, na mashine si hivyo. Limau na siki hula nikeli na kuichubua. Majivu na mchanga hukwaruza. Dawa zenye amonia hushambulia shaba, na shaba iliyokwisha kukazwa au kukunjwa zaweza kuipasua. Madoa meusi ya fedha yasiyotoka kwa sabuni yaachwe yalivyo, au yapunguzwe kwa kitambaa maalumu cha sonara, kwa mkono mwepesi, mara moja katika miaka mingi. Dhahabu usiisugue kabisa. Na mwenye nia ya kunyolea mashine hiyo, baada ya kuiosha, na ailoweshe katika spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kadhaa, maana damu ya mtu usiyemjua haifai kudharauliwa kwa sababu tu imekauka zamani.

Wembe wa Kukunja

Wembe wa kukunja hautumbukizwi majini, si yanayotokota wala si ya baridi. Maji huingia kati ya mabamba mawili ya mpini, yakakaa katika pini ambako jicho halifiki, yakala feleji kwa siri mpaka pini inalegea au bamba linapasuka. Huoshwa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye sabuni kidogo, ukifuta toka mgongo wa wembe kuelekea makali, kidole kikiwa nyuma ya kitambaa na makali yakitazama nje yako. Weka ubapa juu ya taulo lililokunjwa, usiushike hewani. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha kwa pamba yenye spiriti, ila ikiwa mpini ni wa seluloidi, ambayo spiriti huilainisha, au umepakwa vanishi ya zamani, ambayo spiriti huiyeyusha. Hapo pamba iishie mbali na mpini.

Kutu ni za namna mbili, na kuzitofautisha ni nusu ya kazi. Pitisha pamba kavu juu ya doa: ikitoka na unga mwekundu, kutu hiyo i hai, inakula, ikitoka safi, na doa ni jeusi au la hudhurungi na laini, hiyo imetulia, ni kovu wala si kidonda, nayo hukilinda chuma kilicho chini yake. Kovu liache. Kidonda kipake mafuta mepesi ya mashine, ukiache usiku kucha, na asubuhi ukikwangue kwa kipande cha mwanzi kilichochongwa bapa, ukirudia mara nyingi kama itakavyolazimu. Sufu ya chuma iliyo laini kuliko zote yaweza kutumika na mafuta mahali pasipo pambo, lakini penye maandishi, michoro au dhahabu haifiki abadani, na msasa haufiki popote. Dhahabu ya ubapa wa nyembe hizi imekaa juu ya feleji kama vumbi lililotua juu ya meza, na kwa habari hiyo mimi ni shahidi.

Mafuta ya kuachwa juu ya feleji yawe ya madini, kama yale ya cherehani, kwa tabaka jembamba lisiloonekana. Mafuta ya nazi na ya kupikia, ingawa yapo katika kila nyumba, huchacha yakikaa, yakafanya ulimbo wa manjano ulio mgumu kuondoa, na asidi yake huamsha ukijani katika pini za shaba. Mwenye kutaka kinga ya muda mrefu zaidi na apake nta laini ya wahifadhi, ya aina iliyobuniwa na wataalamu wa British Museum katikati ya karne ya 20, ambayo haichachi wala haishiki vumbi kama mafuta.

Mpini wa pembe ya ndovu hufutwa kwa pamba yenye unyevu wa mate tu, sehemu ndogo ndogo, na kukaushwa papo hapo. Umanjano wake si uchafu; pembe iliyofungiwa gizani hugeuka manjano kwa tabia yake, na anayeitia dawa ya kufanya nguo nyeupe huiacha yenye rangi ya chokaa na nyufa nyingi. Pembe ya ng'ombe na gamba la ng'amba huogopa wadudu wanaotoboa, basi chunguza vitundu na unga. Na kwa kuwa biashara ya pembe ya ndovu na ya ng'amba kati ya nchi na nchi imefungwa na mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi mwaka 1973, na ambao mwaka 1989 uliamua kumtia ndovu wa Afrika katika orodha yake kali, mwenye wembe wa namna hiyo asiupeleke ng'ambo wala kuuagiza kabla ya kuuliza serikali, hata ukiwa wa babu yake.

Bweta

Watu wengi huchukua wembe na kulitupa bweta, hasa likiwa la karatasi lililochanika. Lakini bweta ndilo lenye jina la duka, bei, maelezo ya kutumia, na pengine jina la mwenyewe kwa kalamu ya risasi, na nyembe zilizobaki ni nyingi kuliko mabweta yaliyobaki. Lisafishwe kavu. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya mchoraji. Mahameli ipigwe brashi kwa kufuata malazi ya nywele zake. Karatasi na vibandiko visiguswe na maji. Lenye ukungu litolewe nje kivulini, likauke kwanza, ndipo lipigwe brashi, nawe umefunga pua na mdomo, kwani ukungu mbichi ukisuguliwa huingia ndani ya nyuzi na hautoki tena.

Ngozi ya kale iguse kwa kidole kikavu. Kidole kikitoka na unga mwekundu, ngozi hiyo imeozeshwa na asidi, maradhi ya ngozi nyingi za mwisho wa karne ya 19, na rangi ya viatu au mafuta hayaiponyi bali huigeuza kuwa nyeusi na ngumu. Ipe kitambaa cha kuikinga na mikono, au umwachie mtaalamu. Harufu ya uvundo huondoka bweta likiwekwa wazi ndani ya sanduku kubwa pamoja na bakuli la makaa ya mti, bila vitu hivyo kugusana, kwa wiki mbili au tatu. Kwa desturi zetu mtu angeliweza kuona vema alifukize udi au ubani, kama zifukizwavyo nguo. Lakini moshi una utomvu, nao hutua juu ya mahameli na feleji sawasawa, ukabaki.

Kuweka

Sasa twafika katika lile ambalo mimi nilichelewa kulijua. Feleji hupenda hewa kavu, yenye unyevu chini ya asilimia 40. Pembe na ngozi katika ukavu huo husinyaa na kupasuka, nazo hutaka kati ya asilimia 45 na 55. Na hewa ya pwani yetu, hasa katika masika, hupita 70 bila ya taabu, tena imechanganyika na chumvi ya bahari. Mahameli hunywa unyevu huo kama sifongo na kuushikilia juu ya chuma. Ngozi na karatasi za kale hutoa asidi. Sufu hutoa salfa inayoifanya fedha kuwa nyeusi. Bweta lilifanywa lichukuliwe safarini, lifunguliwe kila asubuhi na kupata hewa. Halikufanywa kuwa kaburi la miaka arubaini.

Niliyaona hayo kwa macho siku nilipoitoa mashine ya mjomba katika kitanda chake. Chini yake, katika mahameli nyekundu, palikuwa na doa la kijani lililofuata umbo la kichwa cha mashine kama kivuli, na fedha ya upande wa chini ilikuwa imeliwa mpaka shaba ikatokeza, hali upande wa juu, uliokuwa ukitazama kifuniko, ulikuwa mzima na mweupe.

Basi nafuu ni kuvitenga. Chuma hufungwa katika karatasi laini isiyo na asidi, si gazeti, kikatiwa katika mkebe wa plastiki wa chakula wenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya jeli ya silika, ambavyo vikijaa maji hukaushwa katika joko la moto mdogo. Navyo ni bora vile vinavyogeuka rangi toka machungwa kwenda kijani kuliko vile vya buluu, ambavyo rangi yake ina sumu. Plastiki iwe ya politheni au jamaa zake, isiwe ile laini ya PVC inayotoa asidi ikizeeka. Na mipira ya kufungia isiingie, kwa kuwa ina salfa. Wembe wenye mpini wa pembe, ambao ni chuma na pembe katika mwili mmoja, utafutiwe wastani wa asilimia 45, na feleji yake ipewe nta. Bweta hufungwa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga, kifuniko kikiachwa wazi kidogo, juu ya rafu ya kabati, mbali na ukuta wa nje na sakafu. Vyote viwe chini ya ufunguo. Methali isemayo kwamba mwana akililia wembe umpe ilikusudiwa kumfunza mtoto kwa majuto yake, na mtunzaji hana ruhusa ya kuijaribu. Kila kimoja kipewe kadi ndogo inayomtaja mwenzake, ili mrithi ajaye asidhani kwamba vilitoka nyumba mbili.

Na mara mbili kwa mwaka, kaskazi inapoanza na kusi inapoanza, vyote vitolewe, vitazamwe, na jeli ikaushwe. Mkaza mjomba alinikuta siku moja katika kazi hiyo, mashine ikiwa mkebeni na bweta likiwa tupu mezani, akasema, "Mwanangu, walikaa pamoja umri wote, leo umewaachanisha?"

"Sikuwaachanisha, mama. Nimewatenga kulala tu, talaka haijatoka."

Alicheka, akalichukua bweta, akaliona lile doa la kijani katika mahameli, akanyosha ukucha wake alikwangue. Nikamwomba aliache, kwa sababu ndilo linalosema ni wapi mashine ililala na kwa muda gani, na kwa sababu nina haja nalo. Nina uzi wa pamba wenye mafundo mawili, ambao nimeuweka katika pembe ya bweta hilo: umbali wa fundo hata fundo ni upana wa doa siku ile nilipoitoa mashine. Kila kusi inapoanza naunyosha uzi juu ya mahameli. Mwaka huu pia mafundo yameangukia pale pale.